Nilimuuliza Daktari Kama Mkono Wake Unahisi

Kontena halina uzito mkononi mwa anayeliinua. Wanaotazama kreni za bandari ya Kilindini, Mombasa, kutoka kwenye feri ya Likoni huona chuma kikinyanyua chuma, wakadhani mtu aliye kwenye kile kibanda cha juu anausikia mzigo ukimvuta. Hausikii. Ana vijiti viwili vya kuongozea, kioo chini ya nyayo, na macho yake. Tani 5 na tani 30, kidoleni ni mamoja. Tofauti yake huiona tu: kamba za chuma zinavyokaza, kontena linavyositasita kabla ya kuachana na sitaha, linavyoanza kuyumba upepo wa kusi unapopanda. Nilikaa kwenye kibanda hicho miaka 26, na minne ya mwanzo sikuwa mwendeshaji bado. Nilikuwa mtu anayejifunza kutazama.

Nimeanza na kreni kwa sababu ndiyo iliyonifunza kuelewa yaliyonipata. Mwaka 2023 niliondolewa sehemu ya pafu yenye saratani, kwa roboti, katika mji wa Mumbai. Tangu nirudi Majengo, watu huja barazani kwangu kuiulizia roboti hiyo. Wachache huja kwa udadisi. Wengi wana mgonjwa nyumbani. Swali la kwanza huwa ni pesa ngapi, la pili ni kama kweli mashine inampasua mtu yenyewe. Huwajibu, wananishukuru, wanaondoka, nami hubaki na dhiki kwamba kuna swali la kabla ya hayo mawili ambalo hawakuliuliza na mimi sikuwaambia. Basi nimeona niyaandike yote pamoja, na yale ninayoyajutia yamo.

Nilivuta sigara tangu nina miaka 19 hadi mwaka 2011, mjukuu wangu wa kwanza alipozaliwa. Pakiti moja kwa siku kwa miaka 30. Hata hivyo, ilipofika Januari 2023 sikuwa na kikohozi, sikuwa nimekonda, sikuwa nimetema damu. Bodaboda ndiye aliyenigonga karibu na mzunguko wa Makupa, nikaangukia ubavu, nikapelekwa kliniki kupigwa eksirei.

"Mbavu mbili zimepata ufa," akasema kijana aliyeisoma picha. "Halafu hapa juu kulia kuna kovu la zamani. Hilo lisikutie wasiwasi, mzee."

Halikunitia. Niliikunja ile bahasha nikaiweka chini ya godoro, na huo ndio mjuto wangu wa kwanza. Nililipenda neno "kovu". Kovu ni kitu kilichokwisha.

Wiki tatu baadaye binti yangu mkubwa, ambaye ni muuguzi, alikuja kunitazama. Akaitoa ile picha, akaisimamisha dirishani kwenye mwanga, akanyamaza kwa muda. Kisha akauliza, "Baba, kovu la nini hili? Uliugua TB lini?"

Sijawahi kuugua TB maishani mwangu.

Tukaanza safari ya vipimo. Makohozi yangu yalipimwa kwa mashine ya GeneXpert, hayakuonyesha kitu. Pamoja na hayo, katika kituo kimoja ambacho sina haja ya kukitaja, nilianzishiwa vidonge vya TB. "Tujaribu miezi miwili, tuone." Nikavimeza. Mkojo ukageuka rangi ya chungwa, kama wanavyojua wote waliowahi kutumia dawa hizo, nami nikaichukulia rangi hiyo kuwa dalili kwamba natibiwa. Simlaumu daktari kwa kuifikiria TB. Anaiona kila wiki pwani hii, na kwenye eksirei doa ni doa. Ila hakuna aliyeandika tarehe ya kurudia picha. Nilipewa vidonge, nikapewa siku ya kuja kuchukua vidonge vingine, basi. Kama binti yangu hangening'ang'ania, ningemaliza miezi sita nikimeza dawa ya ugonjwa nisiokuwa nao.

Lazima niseme habari ya mwenzangu wa zamu, maana yeye ndiye hasa ninayemwandikia, ingawa hayupo. Tulipishana kwenye kreni moja miaka 11. Yeye akishuka, mimi napanda, sigara moja tunaigawana chini ya ngazi. Mwaka 2019 alianza kukohoa. Akapewa dawa za kifua, akapewa za pumu, akapewa za TB, zilipokwisha akaanzishwa upya. Kila dawa alinunua akiwa na matumaini. Alipopigwa skani hatimaye, saratani ilikuwa imekwisha kuingia kwenye mifupa na ini. Tulimzika Kikowani mwaka uliofuata. Mara nyingi jamaa zake huniambia, laiti naye angepata hiyo roboti. Huwa naona uchungu kuwajibu, lakini huwajibu: roboti isingemfaa kitu. Saratani ikishahama kutoka kwenye pafu kwenda mbali, kisu hakina kazi pale, kiwe kimeshikwa na mkono au na chuma. Kilichomkosesha ni ule mwaka na zaidi wa kukohoa.

Mwezi Mei nilipigwa skani ya CT, ile eksirei ya kompyuta inayoupiga mwili picha tabaka kwa tabaka. Doa lilikuwa na upana wa sentimita 2.3, kingo zake zina miiba miiba kama ya kiwavi. Nikachomwa sindano kati ya mbavu, kikatolewa kinyama cha kupima, majibu yakaja: saratani. Juni tukapanda treni ya asubuhi kwenda Nairobi kwa skani ya PET. Unadungwa sukari yenye mionzi kidogo, unalazwa kimya chumbani muda wa saa nzima, kisha picha inaonyesha mahali gani mwilini panakula sukari kupita kiasi. Kwangu palikuwa mahali pamoja tu. Saratani ya hatua ya kwanza, haijasambaa.

Nilipofika hapo binti yangu alinionyesha kwenye simu habari ya utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2011. Waliwachukua zaidi ya watu 53,000 waliovuta sana, wenye miaka 55 hadi 74, wengine bado wanavuta na wengine wameacha katika miaka 15 iliyopita. Nusu wakapigwa eksirei kila mwaka, nusu wakapigwa skani ya CT ya mionzi midogo. Kwenye kundi la CT vifo vya saratani ya mapafu vilipungua kwa asilimia 20. Nilihesabu miaka yangu na pakiti zangu. Nilikuwa mtu wa utafiti ule kabisa, kwa kila kipimo. Tangu nitimize miaka 55 ningestahili kupigwa skani kila mwaka kama ningekuwa naishi kule, na hapa Mombasa nimepata skani kwa sababu bodaboda alinigonga.

Daktari mpasuaji wa Nairobi alizungumza nasi kwa utulivu. Alisema anaweza kuliondoa ndani ya wiki mbili. Kifua kingefunguliwa ubavuni, mbavu zitanuliwe, sehemu ya juu ya pafu la kulia itolewe yote pamoja na tezi zake. Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili, na mtu anaweza kuishi vizuri bila moja. "Maumivu yatakuwepo," alisema, "lakini kazi itakwisha."

Tukarudi nyumbani, tukakaa kikao.

Mdogo wangu anafanya kazi Doha, alikuwa kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya kahawa. Alikuwa ametutumia video: mikono minne ya chuma imefunikwa plastiki, inamshona mtu. "Kaka, wewe si wa kutanuliwa mbavu wakati dunia ina roboti. Twende India. Mimi nitatoa nusu."

Shemeji zangu wakaafiki. Mtu akataja kiwanja changu cha Mtwapa. Mwingine akasema tufungue kundi la mchango. Binti yangu akasikiliza mpaka wote wakamaliza, kisha akasema, "Ami, wiki ngapi kupata hizo pesa?"

"Sita. Saba hivi."

"Ami, huo uvimbe haujui kwamba sisi tunachanga."

Mke wangu hakuwa amesema neno. Alipoulizwa alisema, "Mimi nataka arudi tu. Kwa mlango wowote."

Nilichagua India. Nilikuwa nimeitazama ile video mara nyingi mno, na niliogopa kutanuliwa mbavu. Wiki saba zikawa tisa, kwa sababu mnunuzi wa kiwanja alivuta miguu na viza ya matibabu ilitaka barua ambayo ilikuja na jina langu limekosewa. Wiki hizo tisa ndizo mjuto wangu wa pili. Nilikuwa nalala nikijipapasa kifua kama kwamba uvimbe ungeweza kuhisika kwa vidole. Matokeo yalikuja kuwa mema na kwa hiyo watu huniambia nilifanya la busara. Nilibahatika. Mtu aliye na daktari mzuri anayemwambia "wiki mbili" asiniige.

Tangu Nairobi hadi Mumbai ni kama saa sita hewani. Wazee wetu waliufuata mji huo kwa majahazi wakisubiri pepo, wakirudi na nguo na vyombo. Mimi nilikwenda na bahasha ya picha na binti yangu.

Daktari alikuwa mtu wa makamo, msemaji wa pole pole. Kiingereza changu ni cha bandarini, kinatosha. Alipokwisha kunieleza, akauliza kama nina swali. Nikamuuliza, "Ukiwa umekaa pale, unashika pafu langu kwa vile vyuma, mkono wako unahisi?"

Akaniuliza kazi yangu ilikuwa nini. Nilipomwambia, akainuka akatuchukua ghorofa ya chini, kwenye chumba cha mazoezi ambako madaktari wanafunzi hujifunzia. Akanikalisha.

Jamani, kilikuwa kibanda changu. Unaingiza uso kwenye kitu kama darubini ya macho mawili, na mbele yako picha ina kina, si bapa kama ya televisheni, imekuzwa mara 10. Vidole vinaingia kwenye vipete viwili. Chini kuna pedali: moja ya kusogeza kamera, nyingine za kuunguza mishipa midogo ya damu. Mkono wako ukisogea sana, kule ndani chombo kinasogea kidogo tu. Ukitetemeka, ule mtetemeko unachujwa usifike. Na ncha za vile vyombo, ambazo si pana kuliko kidole cha mwisho, zina kifundo chake, hukunjika na kuzunguka kuliko kifundo cha mkono wa binadamu. Alinipa zoezi la kupitisha vipete kwenye waya. Nilivuta mno, kioo kikawa chekundu.

"Umeona?" akasema. "Hukuhisi. Mashine hii ya kwetu haikuambii umevuta kiasi gani. Nyama ikivutwa sana, kabla haijachanika hupauka, huwa nyeupe. Uzi ukikaza, unaona unavyokaza. Mwanzoni nilikuwa nakata nyuzi kila siku."

Hapo ndipo hofu yangu ilipoondoka, maana nilikutana na mtu wa kazi yangu. Nilimwelewa kuliko nilivyomwelewa daktari yeyote kabla yake. (Mwaka uliofuata, 2024, iliruhusiwa Marekani mashine mpya ya da Vinci, aina ya roboti ya upasuaji, yenye vyombo vinavyorudisha hisia ya nguvu mkononi. Niliposoma habari hiyo nilitamani kumpigia simu.)

Basi nikamuuliza maswali ya mtu wa kreni. Umefanya mangapi? Akanijibu kwamba kwa roboti amepita 300, na kabla ya hapo alifanya mengi kwa kamera na kwa kufungua kifua. Nani anakaa karibu na mgonjwa wewe ukiwa kwenye kiti? Akanieleza kuwa yuko daktari msaidizi kitandani, ndiye anayebadilisha vyombo na kuingiza stepla. Kwetu huyo ni mtu wa chini, yule anayekupungia mkono kutoka sitahani, na mwendeshaji asiyemtegemea mtu wa chini siku moja ataua. Mshipa mkubwa ukipasuka? Mishipa ya damu ya pafu ina kuta nyembamba, akasema, na hilo ndilo analoliogopa kila siku. Trei ya vyombo vya kufungulia kifua huwa imeshawekwa wazi tangu mwanzo, na karatasi niliyotia sahihi ilisema hivyo: ikilazimu, roboti itasogezwa kando na kifua kitafunguliwa. Nilifurahi kuisaini. Mashine bila breki ya dharura sikuwahi kuipanda.

Lakini jambo alilonipa ambalo nalishukuru zaidi ni ukweli kuhusu roboti yenyewe. Nilimuuliza kama nitapona zaidi kwa roboti. Akasema hapana, hawezi kuniambia hivyo. Akanitajia utafiti wa Uingereza wa wagonjwa 503, uliotolewa mwaka 2022, ulioonyesha kwamba waliofanyiwa kwa kamera kupitia matundu madogo walikuwa na maumivu machache na nguvu zaidi wiki tano baadaye kuliko waliofunguliwa kifua. Huo ndio mruko mkubwa. Halafu akanitajia wa Shanghai, wa wagonjwa 320, mwaka huo huo, uliolinganisha roboti na kamera. Kwa roboti zilitolewa tezi nyingi zaidi za kupimwa, lakini madhara yalilingana, na roboti ilikuwa ghali zaidi. "Mimi naipenda kwa sababu inanipa kuona na kugeuza mkono mahali pembamba," akasema. "Ungepata mtu hodari wa kamera karibu na kwenu, ningekwambia ubaki kwenu."

Nilimtazama binti yangu. Hakunitazama.

Kuna jambo jingine alilolieleza siku hiyo, nalo lilinichoma. Kwa uvimbe usiozidi sentimita 2 ulio pembezoni mwa pafu, siku hizi si lazima kutoa sehemu nzima. Utafiti wa Japani wa mwaka 2022 na mwingine wa Marekani wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba kutoa kipande kidogo tu kunatosha. Na hapo roboti huonyesha faida yake: mgonjwa hudungwa rangi ya kijani kwenye damu, mshipa wa kipande kile umeshafungwa, kamera inawasha mwanga maalumu, pafu zima linang'aa kijani isipokuwa kile kipande cha kukatwa. Daktari anakata kwa kufuata mpaka unaoonekana kwa macho. Uvimbe wangu ulikuwa sentimita 2.3 mwezi Mei, baada ya Februari, Machi na Aprili za makohozi na vidonge. Milimita tatu. Nililala nazo usiku mwingi, milimita hizo.

Upasuaji wenyewe sina mengi ya kuusimulia, maana nilikuwa nimelazwa nusukaputi. Binti yangu ndiye aliyeelezwa, naye akanieleza. Nililazwa ubavu wa kushoto. Mrija wa kupumulia ulikuwa wa njia mbili, wakalifunga pafu la kulia likanywea, nikawa napumua kwa moja. Matundu manne ya milimita chache kati ya mbavu, na moja pana zaidi la kutolea. Sehemu ya juu ya pafu ilitiwa kwenye kifuko ndani kwa ndani kisha ikavutwa nje kupitia tundu hilo. Kazi ilichukua muda wa saa tatu na kitu. Tezi 17 zilipelekwa maabara, zote safi. Hakikuhitajika kemo.

Nilipozinduka kulikuwa na mrija ubavuni ukiingia kwenye chupa yenye maji, na kila nikikohoa mapovu yalipanda. Muuguzi alinifunza kuyatazama mapovu: yakikoma, maana yake pafu limeziba halivujishi tena hewa. Siku ya tatu yalikoma, mrija ukatolewa. Nilipewa kile kichezeo chenye mipira mitatu unayoivuta juu kwa pumzi. Siku ya kwanza nilipandisha mmoja. Siku niliyopandisha wa tatu binti yangu alilia, ndiyo mara pekee niliyomwona akilia tangu ile siku ya dirishani.

Watu wasidanganywe kwamba roboti haiumi. Tundu ni dogo lakini limepita kati ya mbavu, na chini ya kila ubavu unapita mshipa wa fahamu. Ngozi chini ya titi la kulia ilikufa ganzi miezi minane, kanzu ikigusa nahisi kama nguo ya mtu mwingine. Kucheka kulikuwa kunauma. Wajukuu walikatazwa kunichekesha, wakashindwa. Lakini siku ya tano nilitembea ukumbini bila kushikwa, wiki ya tatu baada ya eksirei nyingine niliruhusiwa kupanda ndege, na mwezi wa pili nilipanda ngazi za nyumba yangu mara moja bila kupumzika. Sasa hupigwa skani kila miezi sita. Zote mpaka leo safi, alhamdulillahi.

Pesa: kwa jumla, upasuaji, tiketi, nyumba ya kupanga na chakula vilipita shilingi milioni moja na nusu. Kiwanja cha Mtwapa kimekwenda, na mchango wa watu nitaulipa kwa kuhudhuria michango yao. Mashine moja ya namna ile hununuliwa kwa takriban dola milioni 2, na vyombo vyake vina idadi ya matumizi, ikifika vinatupwa. Gharama hizo mwisho wake humshukia mgonjwa. Ndiyo, mashine hizi zinasambaa. Tangu Marekani iliporuhusu da Vinci mwaka 2000, kisha madaktari wa Pisa kule Italia wakaanza kuijaribu kwenye kifua, leo India wanatengeneza ya kwao iitwayo SSI Mantra, na Kigali kimefunguliwa kituo mwaka 2023 cha kuwafunza madaktari wa Afrika upasuaji wa matundu madogo na wa roboti. Natumai nitaishi kuiona roboti ikifanya kazi karibu na bahari hii. Hata hivyo nikiulizwa leo pesa za umma zianzie wapi, nitasema zianzie kwenye skani ya CT ya bei nafuu, na mtu wa kuisoma, na daftari lenye tarehe ya kurudi. Kreni mpya haisaidii gati ambayo meli hazifiki.

Wiki iliyopita, baada ya swala ya adhuhuri, kijana wa jirani alinijia barazani. Mamake amekaanga mahamri na viazi karai kwa kuni miaka mingi katika kijumba kisicho na dirisha, hajawahi kushika sigara, na sasa anakohoa mwezi wa tatu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeuweka moshi wa kuni wa nyumbani, na moshi wa mafuta ya kukaangia yenye moto mkali, kwenye orodha ya mambo yanayoelekea kusababisha saratani. Nilijifunza hilo nikiwa kitandani Mumbai. Kijana alikuwa na bahasha mkononi.

"Babu, hiyo roboti ni pesa ngapi? Tuanze kuchanga mapema."

Nikamwambia anipe picha. Niliisimamisha kwenye mwanga kama nilivyomwona binti yangu akifanya. Mimi si daktari. Lakini nimefundishwa kutazama, na pale juu kushoto palikuwa na kitu, kidogo, kama tone la chai kwenye kitambaa.

"Wamesemaje?"

"Wamesema ni kovu la zamani."

"Makohozi yamepimwa?"

"Yamepimwa, hayana kitu. Ameanzishiwa vidonge jana."

Nikaingia ndani nikavaa viatu. Tukampitia mamake, amejifunga leso, unga bado uko vidoleni, akisema yeye ni mzima na kesho ana oda ya harusi. Tukapanda tuktuk hadi hospitali, Makadara. Njia nzima nilikuwa nimeishika ile bahasha mapajani. Tulifika saa nane kasorobo, tukachukua namba, ikatoka 41, na kwenye kioo walikuwa wakimwita wa 18. Tukakaa.